Toleo la Nane na Mtani wa Mama

1

Siku ya pili baada ya kubadilishiwa mfumo, Bibi Leokadia alivua viatu, akapanda kitandani na kujifunika blanketi hadi shingoni, na jua lilikuwa utosini.

"Mama, unaumwa?" Kanisia alimwuliza kutoka mlangoni. Mkononi alikuwa ameshika sahani ya chakula cha mchana.

"Siumwi. Saa kumi na mbili imeshapiga. Hata kuku wameingia bandani."

Kuku walikuwa uani wanachakura, tena kwa kelele. Kanisia aliwaangalia, akaiangalia sahani, akaelewa. Mfumo mpya ulikuwa unamsomea mama yake saa za Kizungu. Saa sita ya mchana uliiita saa kumi na mbili, na kikumbushi hakibishiwi. Ni kipande kidogo kama punje ya harage, kimepandikizwa nyuma ya sikio la kushoto, na kinachosema huingia kichwani kama wazo la mtu mwenyewe. Mabingwa waliotengeneza Toleo la Nane walikuwa wamefikiria kila kitu, isipokuwa kwamba kuna watu duniani wanaoanza kuhesabu siku jua linapochomoza.

"Bado mchana, mama. Amka ule kwanza."

"Kanisia, usinichezee. Saa ni saa."

Kanisia aliiweka sahani juu ya kabati ili isimdondoke. Alikuwa ameitwa kwa jina lake. Ilikuwa mara ya tano tangu asubuhi, naye alikuwa akizihesabu.

Kwa miaka sita ya ugonjwa wa kusahau, mama yake alimwona ni nesi tu. Toleo la Saba lilimnong'oneza bibi kila alipoingia chumbani, "Huyu ni Kanisia, binti yako," na bibi akawa anacheka. Kanisia wake alikuwa darasa la sita, ana pengo mbele, leo hii amekwenda shule. Huyu mwanamke mwenye mvi alikuwa nesi tu, nesi mzuri, Mungu ambariki. Toleo la Nane halinong'onezi. Linaichukua miaka iliyochanika na kuishona upya, mwaka kwa mwaka, mpaka mtoto wa darasa la sita anakutana na mwanamke wa miaka arobaini na saba na kuwa mtu mmoja.

Sasa tusimwonee Kanisia, ila tusimfiche pia. Alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe, ugonjwa wa kuwa wa kwanza. Alikuwa fundi katika kituo cha vikumbushi pale Iringa, na tena mwanachama wa Watangulizi, wale wanaopewa mifumo mipya nusu mwaka kabla ya watu wengine ili waumie kwa niaba yao. Jiko lake aliwahi kulibadilishia mfumo, likakataa kuwaka siku mbili kwa madai kwamba halimtambui mpishi. Geti nalo lilimfungia nje Jumapili moja, akapanda ukuta na gauni la kanisani huku majirani wakimshangilia. Kila mara aliapa kuwa basi, hatarudia. Tangazo la toleo jipya likitoka, kiganja kinamwasha.

Lakini jiko ni jiko. Kichwa cha mtu kina sheria yake, na sheria hiyo Kanisia ndiye aliyekuwa akiwafundisha mafundi wapya: hubadilishi mfumo mpaka mwenye kichwa akubali kwa kidole gumba chake mwenyewe. Bibi Leokadia aliulizwa, na akajibu vizuri kabisa. "Hiki nilichonacho kinanitosha, nesi. Usiniguse kichwa changu."

Siku tatu baadaye, bibi akiwa amesinzia kitini baada ya kula, Kanisia alimshika mkono wa kulia akakibandika kidole gumba kwenye kioo cha tableti. Bibi alifumbua jicho moja.

"Unanifanya nini?"

"Nakukata kucha, mama."

"Haya, asante," alisema bibi, akasinzia tena.

2

Zaveri Ngonyani, aliyekuwa kitandani kwa mafua siku mbili, alifika siku ya tatu saa nne asubuhi, saa aliyofika kila siku tangu alipoacha useremala. Yeye Mngoni, Bibi Leokadia Mhehe. Babu zao walichinjana vitani, na wajukuu wakarithi haki ya kutukanana maisha yao yote bila mtu kununa. Wawili hawa waliitumia haki hiyo kwa miaka hamsini bila kuipumzisha hata siku moja. Ugonjwa ulimnyang'anya bibi majina ya watoto wa dada yake, njia ya sokoni na sura ya bintiye, lakini Ngonyani hakuguswa. Kwa Ngonyani kikumbushi hakikuwahi kuhitajika. Alikuwa amewekwa mahali ambapo ugonjwa haukufika.

Alisimama mlangoni, akavua kofia, akachomoa futi ya chuma mfukoni na kuivuta ikalia.

"Hujafa tu, kizee? Nimekuja kukupima jeneza."

"Jipime mwenyewe, mkimbia vita wewe," bibi alidakia, uso umeshachangamka. "Mbao zenyewe za wizi. Nikilazwa humo mvua ya kwanza naelea."

"Mchawi haelei, anazama. Ukifa kesho nakuzika kesho hiyohiyo, kabla hujabadilisha mawazo."

Bibi alifungua mdomo amjibu. Jibu halikutoka. Kicheko kilichokuwa kimeshaanza kikakatika, na macho yake yakapita katikati ya kifua cha mzee yakaenda kutua kwenye mlango uliokuwa nyuma yake.

"Kanisia, nani kaacha mlango wazi? Baridi inaingia."

Ngonyani alidhani ni mbinu mpya, akacheka hadi akakohoa. Alimwambia bibi kwamba hata akijifanya kipofu deni la babu zake liko palepale, bado ni mtumwa wake. Akapunga kofia mbele ya uso wake. Bibi aliinuka, akampita pembeni bila kumgusa kama mtu anavyoikwepa meza, akafunga mlango, akarudi kukaa. Mzee akamgeukia Kanisia, na kile kicheko kikawa kimebaki mdomoni tu.

"Mwanangu, mama yako ana nini?"

Kanisia alikuwa ameshafungua tableti. Ilimsomea habari zote kwa maandishi ya kijani, kwa furaha ya mtu aliyekamata mwizi. Kinga imefanya kazi. Mwanamume, miaka sabini hadi themanini. Vitisho vya kifo: vitatu. Kuhusisha na uchawi: mara moja. Kauli za kudhalilisha: tisa. Hatua iliyochukuliwa: ameondolewa.

Kinga haikutengenezwa kwa ubaya. Wazee wengi wenye vikumbushi walikuwa wakitapeliwa na kufokewa na watu wa nyumbani mwao wenyewe, na kesho yake hawakumbuki hata wa kumshtaki. Toleo la Nane likaja na dawa: anayemtisha mzee hufutwa. Sura yake haifiki machoni wala sauti masikioni, na pale alipokaa ubongo unajaziwa ukuta, kiti au mlango. Mahali fulani mbali, mtu aliyesoma sana aliamua tusi ni nini. Hakuwahi kukaa kwenye msiba wenye watani.

Mipangilio ilikuwa na kitufe cha kuizima Kinga. Kanisia alikibonyeza, kikahamia upande wa pili, kikakaa kidogo, kisha kikarudi chenyewe. Alijaribu mara kumi na moja. Aliuzima mfumo akauwasha upya, na matokeo yake ni kwamba bibi alizitangaza saa za Kizungu kwa sauti kubwa zaidi. Aliwaandikia watengenezaji, na kabla hajaondoa kidole kwenye kioo jibu lilikuwa limerudi. Asante kwa kuwa Mtangulizi. Tatizo lako linafahamika. Litarekebishwa katika toleo lijalo, baada ya miezi sita.

Ilikuwepo njia moja, nayo Kanisia aliijua kabla hata hajaitafuta. Toleo la zamani huhifadhiwa siku kumi na nne, na ndani ya muda huo unaweza kulirudisha. Lakini la nane linaandika kumbukumbu kwa namna ambayo la saba haliwezi kuisoma, kwa hiyo yote yaliyoshonwa na la nane yanafumuka. Siku hizo zote huondoka, na jina la Kanisia huondoka nazo.

"Inatengenezeka?" Ngonyani aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani, kofia juu ya magoti.

"Inatengenezeka, mzee. Nipe siku chache tu."

3

Zilikuwa siku nzuri, na huo ndio ubaya wake. Bibi Leokadia alimsuka binti yake nywele uani huku akimsimulia alivyozaliwa kwenye mvua ya mawe, mkunga akiwa amejifunika sufuria kichwani. Alimwuliza kuhusu ndoa yake iliyovunjika, akasikiliza mpaka mwisho, akasema yeye hakumpenda yule bwana tangu alipomwona anakula kuku kwa uma. Kanisia alicheka akalia. Alikuwa na mama. Alikuwa hana mama kwa miaka sita huku akimwogesha kila asubuhi, na sasa alikuwa naye.

Na kila siku saa nne Ngonyani alikuja. Alipiga hodi isiyosikika, akakaa dirishani, akanyamaza. Alikuwa ameamua kutotukana, akidhani pengine mashine itamwona ametubu na kumwachia, lakini mashine haikuwa na habari za toba. Kanisia alimpa chai kwa siri ndani ya nyumba ambamo hamkuhitajika siri, kwa kuwa bibi hakuona hata kikombe kikinyanyuka. Hakuweza kumtazama mzee usoni. Alijisemea kwamba anatafuta ufumbuzi. Ukweli ni kwamba tangu siku ya tano hakuwa ameigusa tableti.

"Ngonyani yuko wapi siku hizi?" bibi aliuliza siku ya saba.

"Amesafiri, mama. Yuko Songea kwa mwanawe."

Bibi alimwangalia kwa muda, akaendelea kuchambua mchele.

Siku ya kumi na tatu, saa nne na nusu, Ngonyani akiwa kitini mwake, bibi alitoka chumbani amevaa kaniki, amejifunga kiunoni kama mtu anayekwenda msibani.

"Nieleze amezikwa wapi," alimwambia Kanisia.

"Nani, mama?"

"Usinifanye mjinga. Yule hawezi kusafiri bila kuja kunitukana kwanza. Nimewapa siku zote hizi mniambie, mmekaa kimya. Mmenificha mkidhani kichwa kitanizidi."

Kanisia alitazama kule dirishani. Mzee alikuwa ameinua mkono, anamtikisia kidole asiseme neno.

Bibi alikaa chini sakafuni, akanyoosha miguu. "Mimi ndiye mtani wake. Kofia yake nilitakiwa niivae mimi pale msibani, nimwige anavyolivuta lile goti bovu, wafiwa wacheke hata kama hawataki. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nani ameifanya? Mmemzika kimyakimya kama mtu asiye na watani?" Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Baba yako alipokufa, Kanisia, watu wote waliniletea pole. Yule alikuja amevaa suti ya marehemu, imembana, akaanza kunidai chakula kwa sauti ya baba yako. Nilicheka mbele ya jeneza. Nadhani ningekufa wiki ile kama nisingecheka. Sikuwahi kumwambia. Mtu kama yule utamwambiaje, atavimba kichwa."

Ngonyani alikuwa ameifunika sura yake kwa kofia, mabega yanatetemeka. Bibi alilia upande huu wa chumba naye akalia upande ule, hatua tatu tu kati yao, na Kanisia alisimama katikati akitamani sakafu immeze. Yote mawili ameyasababisha yeye.

4

Kanisia alimwambia mzee ukweli wote getini, kuhusu kidole gumba, uongo wa kucha, na siku kumi na nne ambazo zinakwisha kesho saa kumi jioni. Alisema bila kujitetea kwa sababu hakuona pa kuanzia.

Ngonyani alilitazama goti lake. "Yaani ukirudisha, ataniona. Ila wewe atakuita nesi."

"Ndiyo, baba."

"Basi usirudishe." Alivaa kofia. "Mimi jirani tu, wewe ni mtoto wake. Nimesikia nikililiwa, na nimesikia mazuri yangu. Wangapi wanapata bahati hiyo? Nitakuwa nakuja kukaa. Atanizoea kama upepo."

Kanisia alihisi mzigo ukimtoka mabegani, mwili mzima ukawa mwepesi, na hapohapo akajichukia kwa wepesi ule. Mzee aliondoka akilivuta goti. Alipofika kwenye kona alisimama, akashika ukuta, akakaa pale kitambo kabla ya kuendelea.

Asubuhi yake Kanisia alifua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Aliwaza kwamba mzee ameshasema, basi amesema, ruhusa ameitoa mwenyewe. Aliisuuza hoja hiyo kila alivyoweza na bado haikutakata. Ngonyani hakuwa na ruhusa ya kutoa. Kichwa kile hakikuwa chake, kama ambavyo hakikuwa cha Kanisia. Wamekaa wawili getini wamegawana mtu mzima kama shamba, na mwenyewe yuko ndani anaomboleza.

Saa nane mchana aliingia sebuleni akapiga magoti mbele ya mama yake, akamweleza yote tangu mwanzo.

Bibi Leokadia hakumkatiza. Aliposikia habari ya kucha alijitazama vidole. Aliposikia habari ya kiti aligeuza kichwa polepole akatazama dirishani, ambako Ngonyani alikuwa amekaa wima kama anayepigwa picha, na ambako yeye aliona kiti kitupu.

"Yupo hapo?"

"Yupo, mama."

"Na jana alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alisikia yote."

Bibi alivuta pumzi. "Ngonyani," alikiambia kiti, "yale niliyasema nikidhani umekufa. Ukiyatangaza mtaani nitakukana." Kisha akamgeukia Kanisia, na uso wake haukuwa na utani hata chembe. "Nilikwambia usiniguse kichwa. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ukanigusa. Ukamfuta mtu ili uitwe jina."

"Sikujua kwamba atafutwa, mama."

"Na ulipojua? Siku kumi na moja nzima, Kanisia. Nimemlilia mtu aliye hai, unaniona, unanyamaza."

Kanisia akasema alichokuja kukisema. "Leo nakuuliza, mama. Nifanyeje?"

"Leo unaniuliza kwa sababu imekushinda." Uani kuku mmoja alikuwa anajisifu kwa yai lake. "Rudisha."

"Hutanijua tena."

"Umeshanieleza, nimeelewa. Kwa siku hizi chache kichwa changu ni kizima, kwa hisani yako. Na hii hasira niliyo nayo, nitaikumbuka?"

"Hapana. Itaondoka na mengine yote."

"Basi nisikilize vizuri. Sijakusamehe. Nataka ulijue hilo kabla sijalisahau. Hasira zangu huchukua wiki, unanijua, na pengine wiki ijayo ningekusamehe. Lakini wiki ijayo mwenye kusamehe hayupo." Alinyoosha mkono wa kulia, kidole gumba kikiwa mbele. "Shika. Na ukimaliza unikate kucha kweli, zimekuwa ndefu."

Kanisia aliileta tableti. Bibi mwenyewe akakibonyeza kidole kwenye kioo kwa nguvu zake. Mfumo uliuliza kama ana uhakika. Ukauliza tena. Mara ya tatu ukauliza kama angependa kueleza sababu za kutoridhika kwake, na bibi akautukana kwa Kihehe.

Ilichukua dakika arobaini. Bibi alilala kitini na Kanisia akamkata kucha, kidole kimoja kimoja, vyote kumi. Ngonyani alitazama nje.

Bibi alipofumbua macho kitu cha kwanza alichokiona ni kofia.

"Hujafa tu, kizee?" Ngonyani aliuliza. Sauti haikuwa imara.

"Nife nikuachie nani, mkimbia vita wewe? Na hayo macho mekundu vipi, umeanza kunywa asubuhi?"

Mzee alicheka, akavuta futi yake, akamwambia leo amekuja kuchukua vipimo vya mwisho. Bibi akajibu. Wakaendelea hivyo, tusi juu ya tusi, na nyumba ikajaa kelele ambazo Kanisia hakuwa amezisikia kwa siku kumi na moja. Alikaa sakafuni akiokota vipande vya kucha.

Bibi ndiye aliyemwona. "Nesi, mbona unalia? Huyu mzee kakuudhi?"

"Hapana, mama. Nimemkosea mtu."

"Nani?"

"Mama yangu. Nilimdanganya, nikamchukulia kitu chake bila ruhusa. Naomba unisamehe."

"Mimi?" Bibi alishangaa, akamshika bega kwa upole, upole wa mtu anayemfariji mgeni. "Mimi hujanikosea, nitasamehe nini? Yeye mwenyewe anajua?"

"Aliambiwa. Alikasirika sana."

"Ana haki. Basi mfuate yeye, mwanangu. Nenda sasa hivi, usingoje kesho, sisi wazee hatungojeki. Mimi nitakuwa hapa na huyu mwizi wa mbao."

Ngonyani aliinamisha kichwa. Kanisia alichukua sweta, akaaga vizuri kama anavyoaga mtu anayetumwa na mkubwa wake, akatoka mpaka barabarani. Akasimama pale, kwa kuwa alikuwa ameambiwa aende kwa mama yake, na hakujua ashike njia ipi.